Kibali Kitoke Kabla ya Masika

Kisiwa cha Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na wengi wetu tumejenga penye miteremko. Ukuta wa kuzuia udongo hapo humkinga mwenye nyumba pamoja na jirani aliyejenga chini yake.

Ukuta huo haufanani na ukuta wa uani. Udongo ukishiba mvua za Masika, kati ya Machi na Mei, huwa mzito na huusukuma kwa nguvu kubwa. Usipokuwa na msingi imara, kokoto nyuma yake na matundu ya kutolea maji, huinama, hupasuka, na mwishowe huanguka. Hayo ndiyo ya kutazamwa kabla ya kibali kutolewa.

Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na Sheria Namba 12 ya mwaka 1992 humpa mwananchi haki ya kuitumia. Haki hiyo ina wajibu wake. Anayejenga kwanza na kuomba kibali baadaye humhatarisha jirani. Aanze kwa sheha, apeleke mchoro, asubiri jibu.

Lakini subira nayo ina mpaka. Haifai ombi lililopelekwa Disemba lijibiwe mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Tunawaomba wahusika watoke ofisini, wapande kilima, wauone mteremko wenyewe, kisha watoe jibu mapema: ama kibali, ama kukataa pamoja na sababu zake, ili mwananchi apate muda wa kurekebisha. Mvua haisubiri saini.