Je, Wajua? Shata ya kasi mno huizima ndege angani

Wapiga picha wengi huamini kwamba kadiri shata ya kamera inavyofunguka na kufunga upesi, ndivyo picha ya ndege inavyokuwa bora. Kwa ndege za propela, ambazo ndizo zilizozoeleka Arua na kwingineko Nile Magharibi nchini Uganda, imani hiyo hupotosha. Chukua Cessna Caravan, ambayo propela yake huzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika. Kwa shata ya 1/2000 ya sekunde, panga husogea nyuzi 6 tu. Hutokea limeganda, na ndege ikaonekana imezimika injini angani. Kwa 1/125, panga hilohilo hufagia nyuzi 91, zaidi ya robo ya duara, na mbele ya pua hutanda wingu jembamba la mzunguko. Hapo ndege inaruka kweli.

Je, shata ya polepole haitaitia ndege nzima ukungu? Itaitia, ukiishika kamera tuli. Dawa ni kuisindikiza ndege kwa lenzi, kiuno kikigeuka taratibu, huku ukipiga mfululizo. Picha nyingi zitaharibika, na ndiyo kawaida ya kazi hii. Wenye simu, wawe Arua au Koboko, wana lao: kamera nyingi za simu husoma taswira mstari kwa mstari, hivyo mapanga hupinda kama mundu. Simu si mbovu. Joto la adhuhuri nalo hutetemesha hewa juu ya njia ya kurukia, na hakuna shata inayoliponya hilo, hivyo piga asubuhi. Kabla ya kuinua kamera uwanjani, omba ruhusa kwa maofisa wa usalama.