Viboko 12 kuingia, 12 kutoka: vilimfunza nani?

Kibaka akikamatwa mtaani, kila mtu hugeuka hakimu. "Apigwe!" "Afungwe maisha!" "Akanyee debe huko!" Hata muuza chipsi anaacha mayai yaungue ili naye atoe hukumu. Hasira hiyo inaeleweka. Ukiibiwa simu uliyoinunua kwa kudunduliza, nani ana muda wa kufikiria haki za mwizi?

Serikali nayo iliwahi kukasirika hivyo hivyo. Mwaka 1963 Tanganyika ilipitisha sheria kali: makosa kama wizi na rushwa yalikupeleka jela si chini ya miaka miwili, na viboko 24 juu yake. Unachapwa 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere alikuwa akisema vile vya kutokea ni vya kwenda kumwonyesha mkeo! Mwaka 1972 viboko vikaondolewa, mwaka 1989 vikarudi. Unyang'anyi wa kutumia silaha nao ukawa miaka 30.

Haya, msomaji wangu, niambie ukweli. Ukipita Kariakoo, mkoba umeuachia au umeubana kwapani?

Sasa tuvuke mpaka hadi Luzira, gereza kubwa la pale Kampala. Wafungwa wa Luzira wana ligi yao ya soka, na timu zao zinaitwa Manchester United, Arsenal, Liverpool. Viongozi wa ligi ni wafungwa wenyewe. Usicheke. Mtu aliyezoea kushika panga anajifunza kusikiliza filimbi ya refa na kukubali kufungwa mabao bila kumvunja mtu mguu. Hiyo nayo ni shule.

Na darasa lipo kweli. Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002, akidaiwa kumuua mumewe, kosa ambalo alilikana. Akiwa humo humo Luzira alirudi kwenye vitabu, akasoma sheria kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London. Jina lake ndilo lililotangulia kwenye kesi ya wafungwa zaidi ya 400 waliopinga hukumu ya kifo. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba kumlazimisha hakimu atoe hukumu ya kifo, apende asipende, ni kinyume cha Katiba. Kigula akahukumiwa upya, akapewa miaka 20, na mwaka 2016 akatoka. Fimbo ingemfundisha hayo?

Najua utanijia juu: "Kwa hiyo wale raha, aliyeibiwa alie?" La hasha! Kufungiwa mbali na mama, mchumba na wanao ni adhabu tosha, waulize waliopitia. Aliyeumizwa ana haki ya kuona sheria inafanya kazi. Swali langu ni moja tu: ile miaka ya ndani tunaitumia kumfanya nini?

Maana wengi wao watatoka, jamani. Watarudi Manzese, Tandika na Buguruni, kwenye chumba kinachopakana na chako. Wenzetu wa Zanzibar jela wanaiita Chuo cha Mafunzo. Jina zuri, ila kila chuo hupimwa kwa wahitimu wake. Jirani yako mpya akihitimu leo, ungependa ashike cheti cha useremala au makovu ya bakora na kisirani cha kulipiza?

Jibu unalo. Funga mlango, ulale ukilifikiria.