Ulihukumiwa kwa kuendesha gari ukiwa mlevi? Usiifiche kampuni ya bima

DEREVA anapotoka mahakamani baada ya kulipa faini ya kuendesha gari akiwa mlevi, aghalabu hudhani masaibu yake yamekwisha. Hata hivyo, kuna swali moja linalomsubiri katika ofisi ya bima, na jibu atakalolitoa huenda likamgharimu kuliko faini yenyewe.

Swali hilo huwa katika fomu ya maombi: je, wewe au mtu mwingine atakayeliendesha gari hili amewahi kupatikana na hatia ya kosa la barabarani? Wapo wanaojibu “la” ili ada isipande. Wapo pia wanaomwachia wakala kuijaza fomu nzima, wao wakatia sahihi tu bila kuisoma.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinaharamisha kuendesha gari, au hata kuwa msimamizi wa gari barabarani, ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au yote mawili. Aidha, anayepatikana na hatia hupigwa marufuku ya kuwa na leseni kwa miezi 12 tangu siku ya hukumu, na mahakama ina uwezo wa kuurefusha muda huo.

Marufuku hiyo huigusa bima moja kwa moja. Mikataba mingi humkinga dereva mwenye leseni, au aliyewahi kuwa nayo na ambaye hajazuiwa na mahakama kuwa nayo. Kwa hivyo, mwenye gari akishika usukani kabla ya muda wake kwisha, huwa ametenda kosa jipya na pia amejiondoa katika kinga ya bima yake mwenyewe, hata kama ada ililipwa kikamilifu. Gari lenyewe laweza kuendelea kuwa na bima likiendeshwa na mke, mwana au dereva wa kuajiriwa, mradi awe na leseni na kampuni iwe imearifiwa.

Muda huo ukishapita, ndipo suala la kusema au kunyamaza linapojitokeza.

Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu. Kampuni haimjui anayeomba bima. Humpima kwa yale anayoyasema. Sheria ya Bima ya Magari kwa Hatari za Mtu wa Tatu, Sura ya 405, inaeleza kuwa jambo muhimu ni lile linaloweza kuathiri uamuzi wa kampuni yenye busara kuhusu iwapo itaikubali hatari hiyo, na kwa ada na masharti gani. Ni vigumu kuona jinsi hukumu ya ulevi barabarani inavyoweza kukosa kuwa jambo la namna hiyo.

Ili kuelewa uzito wa kunyamaza, tuwatazame madereva wawili wa kubuni, kila mmoja akiwa amemgonga mtu anayetembea kwa miguu.

Dereva wa kwanza hakuficha lolote alipoomba bima, lakini siku ya ajali alikuwa amelewa. Kampuni yaweza kukataa kulitengeneza gari lake, kwa kuwa mikataba mingi huondoa kinga dereva anapokuwa mlevi. Hata hivyo, Sura ya 405 hairuhusu sharti linalohusu hali ya mwili au akili ya dereva kutumiwa kumnyima mwathiriwa fidia. Kampuni humlipa mwathiriwa, kisha humgeukia dereva kumdai fedha ilizotoa.

Dereva wa pili hakuonja hata tone siku ya ajali, ila aliwahi kuhukumiwa na akaificha hukumu hiyo alipojaza fomu. Hapa sheria inaipa kampuni mlango mwingine. Yaweza kwenda mahakamani, kabla ya kesi ya mwathiriwa kuanza au katika muda wa miezi mitatu baada ya kuanza kwake, kuomba itangazwe kuwa ina haki ya kuubatilisha mkataba kwa sababu ulipatikana kwa kuficha jambo muhimu. Ikifaulu, haitalazimika kumlipa mwathiriwa.

Hapo ndipo penye uchungu. Mtu aliyevunjika mguu, ambaye hakuijaza fomu wala hakuiona, hubaki kumdai dereva mwenyewe. Dereva naye huenda akalazimika kuuza shamba au gari, na bado deni lisiishe. Kwa mwathiriwa, uongo wa karatasini waweza kuwa mbaya kuliko pombe ya barabarani.

Ikumbukwe pia kwamba tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2006, bima ya lazima haihitajiki kulipa zaidi ya Sh3 milioni kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikimtunukia mwathiriwa Sh4 milioni, Sh1 milioni iliyosalia humwangukia dereva, isipokuwa kama mkataba wake unatoa kinga kubwa zaidi.

Wasomaji walio na jamaa ng'ambo huenda wamesikia kuwa huko siri kama hii haifichiki. Nchini Uingereza, alama ya DR10 ya kosa la ulevi hukaa katika rekodi ya leseni kwa miaka 11. Katika majimbo mengi ya Marekani, kampuni ya bima huwasilisha kwa serikali ya jimbo hati iitwayo SR-22, kuthibitisha kwamba dereva aliyehukumiwa ana bima. Hapa kwetu, kampuni hutegemea kwanza majibu ya mwombaji. Lakini ajali kubwa ikitokea, wachunguzi wake hutumwa kufukua, na jalada la kesi ya trafiki si siri.

Basi aliyehukumiwa afanye nini?

Kwanza, aijaze fomu mwenyewe, aitaje hukumu na mwaka wake, na abaki na nakala. Akimwambia wakala kwa mdomo tu, hatakuwa na ushahidi. Pili, awataje wote watakaoliendesha gari. Tatu, aulize bei katika kampuni kadhaa, kwani kila moja hupima hatari kwa njia yake. Huenda akatozwa ada ya juu, au akatakiwa kujilipia sehemu kubwa zaidi ya hasara. Akinyimwa bima kamili, aombe ile ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo sheria inayoilazimisha. Akiona ametendewa visivyo, anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA.

Tuseme gari lina thamani ya Sh1 milioni, na ada yake imepandishwa kutoka asilimia nne hadi sita. Nyongeza hiyo ni Sh20,000 kwa mwaka. Inauma, lakini ni tofauti sana na kudaiwa Sh3 milioni peke yako.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humuumbua. Katika bima, kilio hicho chaweza kuwa cha mtu mwingine kabisa, aliyekuwa akivuka barabara tu.