Daftari la Mauzo na Daftari la Mgonjwa

Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, jirani na Eldoret nchini Kenya, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, kazi ya pamoja ya Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana. Enzi hizo Marekani ilikuwa na daftari la namna nyingine, la mauzo. Kampuni ya takwimu ya IMS Health ilinunua kumbukumbu za maduka ya dawa. Jina la mgonjwa likafutwa, daktari akabaki anatambulika. Kampuni ya Purdue Pharma, iliyoingiza dawa ya maumivu ya OxyContin sokoni mwaka 1996, ilitumia takwimu za aina hiyo kuwabaini madaktari walioandika dawa za jamii ya afyuni kwa wingi, ikawaelekezea wauzaji wake. Wingi uliopaswa kuzua maswali ukageuzwa kuwa soko.

Watetezi husema takwimu hizo hizo hufichua dawa inayotumiwa vibaya. Ni kweli, lakini hazifichui kitu zenyewe. Serikali ya Marekani ilikuwa na daftari lake la usambazaji, lililorekodi zaidi ya vidonge bilioni 70 vya oksikodoni na haidrokodoni kati ya 2006 na 2012, na vifo vya kuzidisha dozi viliendelea. Namba husema kile msomaji wake anachokitafuta, na anayelipwa kwa kila kidonge hatafuti kidonge kilichozidi.

Kwetu daftari la mauzo hupotosha kwa upande wa pili. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya takriban tani 299 za dawa za jamii ya afyuni zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Dawa isiyonunuliwa huonekana kama isiyohitajika. Makadirio ya mahitaji ya mofini, mojawapo ya dawa hizo, yakifuata matumizi ya mwaka jana, uhaba wa jana unakuwa kipimo cha leo. Mgonjwa wa saratani Eldoret anayekesha kwa maumivu hayumo katika hesabu hiyo.

Wapo watakaosema balaa la Marekani latufunza kubana mofini zaidi. Lakini mwaka 2007 kampuni mshirika ya Purdue ilikiri mahakamani kuipamba OxyContin kwa kudai kwamba hatari ya uraibu wake ni ndogo. Kosa hilo ni la biashara. Halimhusu muuguzi anayempimia mgonjwa mofini ya maji. Udhibiti unahitajika, ila uanzie kwenye daftari la aina ya Mosoriot: kiwango cha maumivu, sifuri hadi kumi, kiandikwe kando ya dozi. Hapo aliyekosa na aliyezidishiwa wataonekana kwenye ukurasa mmoja.