Mimba ya Karani na Sukari ya Mzee

Jumamosi iliyopita nilikwenda Soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo, kununua nyama. Mwenye bucha, tunayejuana tangu zamani, alinipimia kilo mbili huku akinung'unika. Ameajiri watu wanne: vijana wawili wa kubeba, mzee mkataji mwenye ugonjwa wa sukari, na binti anayepokea fedha, ambaye sasa ni mjamzito.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "mzee kila mwezi yuko kliniki, na huyu dada akijifungua nitamlipa miezi mitatu bila kazi. Wakitoka hawa, sichukui tena ila vijana wa kiume."

Nilitaka kumkemea, nikasita. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Ni sheria yenye utu, ila haikusema mwenye bucha mwenye watu wanne ataitoa wapi mishahara miwili kwa kazi moja.

Kuhusu matibabu yenyewe, mzigo umegawanywa. Bima ya Afya ya Jamii, ambayo mnamo Oktoba 2024 ilichukua nafasi ya NHIF ya tangu 1966, hukata asilimia 2.75 ya mshahara. Anayelipwa shilingi 20,000 hukatwa 550, awe mzee au kijana, mwanamke au mwanamume. (Malalamiko kuhusu bima hiyo nayajua, lakini katika hili msingi wake ni wa haki.) Kampuni za bima za kibinafsi aghalabu hupandisha ada kadiri umri unavyosonga. Chini ya bima ya umma, basi, sukari ya mzee haimwongezei tajiri wake ada hata senti moja. Kinachompotea ni siku za kliniki tu.

Mshahara wa likizo ya uzazi ndio usio na kapu la pamoja. Nasi walimu tusimcheke mchinjaji. Mwalimu wa kike aliyeajiriwa na TSC, tume yenye walimu zaidi ya laki tatu, hulipwa na Serikali akiwa likizoni, na shule yake haitozwi kitu. Lakini je, yule aliyeajiriwa na bodi ya shule, anayelipwa kutokana na karo? Nimeketi katika kikao cha bodi nikasikia maneno yale yale ya Burma, safari hii yakisemwa na mtu aliyevaa tai. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya umri, jinsia au ujauzito. Hata hivyo, aliyenyimwa kazi haambiwi sababu, naye atashtaki nini?

Mkataba nambari 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unapendekeza dawa: gharama hiyo isimwangukie mwajiri mmoja mmoja, bali itoke katika bima ya lazima au fedha za umma. Majirani zetu Watanzania wana fao la uzazi katika NSSF yao. Sisi nasi tuwe na mfuko ambao kila mwajiri atauchangia kwa kadiri ya mishahara anayolipa, awe na wanawake au asiwe nao.

Nilimweleza hayo mwenye bucha. Akauliza angetoa kiasi gani. Nikamjibu kwamba hesabu hiyo ni ya Bunge, ila jirani yake asiye na mwanamke hata mmoja angechangia kwa kiwango kile kile.

Akaifunga nyama yangu. "Yule naye akitoa," akasema, "mimi sina neno."