Asiye na Jina Hana wa Kumlilia

Wahenga walinena kwamba asiyekujua hakuthamini. Nami nathubutu kuongeza kuwa hatua ya kwanza ya kumjua kiumbe ni kulijua jina lake. Sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili nchini Kenya tuna deni kubwa katika jambo hili, na deni hilo hudhihirika wazi mtu anapoingia mashuani na kutembezwa katika vinamasi vya nchi yetu.

Chukua mfano wa kinamasi cha Dunga, kilicho kilomita chache kusini mwa mji wa Kisumu, kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Wenyeji wa hapo huwatembeza wageni kwa mashua ili wajionee ndege na wanyama. Niliwahi kuabiri huko nikiandamana na wanafunzi wangu wa isimu. Tuling'oa nanga alfajiri, kabla ya upepo wa ziwa kuamka. Tulipoyakaribia mafunjo, nahodha wetu, kijana mzaliwa wa papo hapo, alizima injini, akashika upondo na kutusukuma taratibu kando ya ukuta ule wa kijani unaopita kimo cha watu wawili.

Kijana yule alikuwa na macho! Pale tulipoona kijiti kikavu, yeye alimwona ndege mweusi aliyetandaza mabawa yake ayakaushe. Pale tuliposikia kelele tu, yeye aliinua kidole na kutunong'onezea ni nani aliaye, ni dume au jike, na analilia nini. Alituonyesha ndege weupe wenye shingo ndefu, ambao Wajaluo huwaita okok. Alituonyesha ndege wa rangi nyeusi na nyeupe aliyesimama hewani kama aliyetundikwa kwa uzi, kisha akatumbukia majini na kuibuka na samaki. Hatimaye, baada ya kungoja kwa subira, alijitokeza yule ambaye watazamaji wa ndege husafiri kutoka nchi za mbali kuja kumwona: mgongo mweusi, utosi wa manjano, kifua chekundu mithili ya kaa la moto. Ndege huyo haishi popote ila katika mafunjo ya eneo hili la Maziwa Makuu. Yakikatwa mafunjo, hana pa kwenda.

Kila mara nahodha alitaja jina la Kiingereza, na mara nyingi la Kijaluo. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akinukuu kila kitu akamuuliza, "Na kwa Kiswahili, kaka?" Kijana akatabasamu. "Kwa Kiswahili, dada, hao wote ni ndege tu."

Jibu hilo halikutokana na ujinga. Aliyelitoa anakijua kinamasi kuliko sisi sote tuliokuwa mashuani. Jibu hilo linatuhusu sisi wenye kalamu na chaki, nalo lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kwamba majina mengi yapo, ila hayajasafiri. Yule mweusi mwenye kuanika mabawa ni mnandi. Wale weupe ni yangeyange. Yule mpiga mbizi ni mdiria. Tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe ni furukombe, na yule mwenye mfuko chini ya mdomo ni mwari. Maneno haya yamo vinywani mwa wavuvi wa pwani tangu zamani, na yamo katika kamusi zetu. Lakini Kiswahili kilipopanda bara kwa njia ya biashara, utawala na shule, kilibeba maneno ya soko na ofisi, kikayaacha haya ufukoni. Mwanafunzi wetu leo hukariri kwamba mwana wa simba ni shibli, mwana wa nzige ni kimatu na mwana wa samaki ni kichengo. Anajua pia kwamba ndege huingia katika ngeli ya A-WA. Lakini ndege yupi? Anaweza kusema "ndege ameruka" bila kosa lolote la sarufi, asiweze kusema ni nani aliyeruka.

Sehemu ya pili ni kwamba baadhi ya viumbe hawana jina mashuhuri la Kiswahili, na yule mwenye kifua chekundu ni mmoja wao. Je, tufanyeje? Hebu tutazame wenzetu walifanya nini. Wanasayansi walimpa ndege huyo jina la mufumbiri, wakilichota kutoka Mufumbiro, jina la milima ya volkeno iliyo mpakani mwa Uganda, Rwanda na Kongo. Kadhalika paa wa majimaji, ambaye Kiswahili humwita nzohe na ambaye mbuga ndogo ya Saiwa karibu na Kitale ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili yake, Waingereza humwita sitatunga, neno walilolitwaa kutoka lugha za Kibantu za kusini. Ikiwa wao hawakuona haya kuwauliza Waafrika majina, sisi tunaona haya ya nini?

Kwa hakika, Kiswahili cha Kenya kimekwisha kukopa kutoka ziwani. Omena, mbuta, ngege na kamongo ni maneno ya Kijaluo yanayoeleweka leo katika masoko ya mbali kabisa na Kisumu. Ila tazama ni maneno gani hayo: yote yamepitia chunguni. Tumewapa majina tunaowala, na kiboko na mamba tunaowaogopa. Waliobaki tumewaachia jina moja la jumla.

Labda msomaji atauliza kuna hasara gani. Hasara ipo, na ngege mwenyewe ni ushahidi. Wavuvi wa Kijaluo wa zamani walipambanua samaki watatu: ngege, mbiru na nyamami. Ngege na mbiru ndio wenyeji wa ziwa. Nyamami aliletwa katikati ya karne ya 20, na mbuta akaletwa katika miaka hiyo hiyo. Mbuta akawala wengi, nyamami akawasonga wenyeji, nyavu nazo zikazidi. Ngege wa asili akatoweka karibu kabisa katika ziwa kuu. Mabaki yake yamesalimika katika maziwa madogo kama Kanyaboli, lililokingwa na mafunjo ya kinamasi cha Yala. Lakini sokoni jina la ngege halikutoweka! Lilirithiwa na yule mgeni. Leo mteja hula nyamami akasema amekula ngege, na kwa kuwa jina bado lipo, hashtuki kwamba mwenye jina hayupo. Hivyo ndivyo lugha isiyopambanua inavyoweza kufunika msiba.

Kinyume chake, mkumbuke chatu wa Nyakach aliyeungua katika moto wa kichaka mwaka 1987. Machatu wangapi huungua kila kiangazi bila kutajwa? Huyo wakazi walikuwa wamempa jina, Omieri, na kwa sababu ya jina hilo nchi nzima ilifuatilia habari zake.

Katiba ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali kuhimiza wananchi washiriki katika kuyalinda mazingira. Vifungu hivi viwili vinahitajiana. Mwananchi atakayesimama barazani kupinga kukaushwa kwa kinamasi atasema nini? Akisema "kuna ndege" atajibiwa kwamba ndege wako kila mahali. Akiweza kusema kwamba hapa huzaliana fulani, na kwamba fulani hana makao mengine duniani, hoja yake itakuwa na miguu ya kusimamia.

Kwa hiyo natoa wito kwa walimu wenzangu. Kila shule iliyo karibu na ziwa, mto au bwawa na iwatume wanafunzi kwa wazee, wavuvi na wasuka mikeka ya mafunjo. Wasiulize jina tu, bali pia mlio, chakula, msimu na mahali pa kiota, maana jina lisilo na maelezo ni ganda tupu. Waandike majina ya Kijaluo, Kisuba, Kiluhya, Kikuria au lugha yoyote ya mahali, wayalinganishe na yaliyomo kamusini, na lile lisilo na mwenzake katika Kiswahili lipendekezwe liingie. Omena iliingia bila kibali cha kamati yoyote, wala sarufi yetu haikuanguka.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, kalamu na adabu ya kusikiliza. Tena ina haraka, kwa kuwa wazee wenye majina hayo wanatutoka mmoja mmoja, na mafunjo yanakatwa na kuchomwa kila msimu. Tusije tukawa taifa lenye kamusi nene ya viumbe waliokwisha kutoweka, au viumbe wanaotoweka bila hata mstari mmoja katika kamusi.