Chajio Huanza Alfajiri

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kabla jua halijachomoza, mama wa nyumba huchota kibaba cha maharage, akayapeta katika ungo, akaondoa vijiwe na punje zilizobunguliwa, kisha akayatia bakulini na kuyafunika kwa maji, naye akashika shughuli zake za asubuhi pasi na kudhani kwamba ametenda jambo lolote la elimu. Ukimuuliza sababu, atakujibu kwamba ndivyo alivyomwona bibi yake akifanya, au kwamba maharage yaliyolowekwa huiva upesi na hayamalizi mkaa. Na majibu yote mawili ni ya haki. Lakini ndani ya bakuli lile, kwa muda wa saa kumi au kumi na mbili, hutendeka mambo ambayo wataalamu wa kemia walihitaji miaka mingi kuyatambua, na ambayo faida yake haionekani ila jioni, jamaa wanapoizunguka sinia.

Aghalabu tukitaja chakula bora huelekeza fikira zetu kwenye nyama, mayai, maziwa na vitu vya bei ghali, tukahukumu kwamba mwenye kipato kidogo hana budi kuridhika na kushiba tu. Naamini kwamba hukumu hiyo inawadhulumu watu wengi, kwa sababu siha ya chajio hutegemea mno tartibu: kipi kitangulie, kipi kiandamane na kipi, na kipi kingojee. Tartibu hainunuliwi sokoni, ila hutaka akili iliyoamka mapema.

Tuanze na bakuli lenyewe. Harage ni mbegu, na kila mbegu hujiwekea akiba ya kuulea mche utakaozaliwa. Sehemu ya akiba hiyo ni fosforasi, ambayo mmea huihifadhi katika umbo liitwalo fitati. Na fitati ina tabia ya kuyashika madini ya chuma na ya zinki kwa nguvu, hata yakapita tumboni mwa mlaji na kutoka bila ya damu kuyafaidi. Mbegu ipatapo maji hudhani kwamba mvua imenyesha na wakati wa kuota umewadia, hivyo vimeng'enya vyake huamka na kuanza kuivunja fitati, ilhali sukari zile zinazosababisha tumbo kujaa gesi huyeyuka na kuingia majini. Ndiyo sababu maji ya kulowekea humwagwa, maharage yakasuuzwa na kutiliwa maji mapya. Mtu aliyekumbuka kuloweka alfajiri ameyaongezea maharage yake thamani bila ya kuongeza senti moja.

Baada ya kuloweka huja moto, nao una sharti lake. Maharage, hususan yale mekundu, yana aina ya protini iitwayo lektini, ambayo ikiliwa mbichi huleta kutapika na kuhara kwa muda wa saa chache tu. Sumu hii huharibiwa na maji yanayotokota sawasawa, wala haiharibiwi na moto hafifu usiofikisha chungu kwenye mtokoto. Kwa hiyo yafaa maharage yachemke kwa nguvu kwa nusu saa tangu mwanzo, ndipo moto upunguzwe na kuachwa uyalainishe taratibu. Wako wanaotia magadi ili kuharakisha, na kweli magadi huharakisha, kwani huilegeza gundi iliyozishikamanisha seli za harage. Lakini magadi hayohayo huiharibu vitamini B1, na aliyeloweka tangu alfajiri hana haja nayo.

Habari za vitamini hiyo zina kisa kinachostahili kusimuliwa, maana kilianzia jikoni. Mwishoni mwa karne ya 19, tabibu wa Kiholanzi aliyeitwa Christiaan Eijkman alikuwa akifanya kazi Batavia, katika kisiwa cha Java, akiutafuta mdudu aliyedhaniwa kuleta beriberi, maradhi yaliyokuwa yakidhoofisha miguu na moyo na kuua watu wengi katika nchi za Asia zilazo wali. Kuku aliowafuga kwa ajili ya majaribio wakashikwa na udhaifu wa miguu uliofanana na maradhi yale, kisha kwa ghafla wakapona. Alipochunguza, akagundua kwamba kuku wale walikuwa wakilishwa wali mweupe uliosalia katika jiko la hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa kutoa wali wa askari kwa kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa, nao wakasimama. Eijkman mwenyewe alidhani kwanza kwamba wali mweupe una sumu. Aliyeifasiri siri hiyo barabara mwaka 1901 alikuwa mwenzake, Gerrit Grijns, aliyesema kwamba katika ganda la ndani la mchele mna kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila yake. Mwaka 1912 Casimir Funk akalibuni jina ambalo leo tunalitamka vitamini, na mwaka 1929 Eijkman akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Mafunzo ya kuku wa Batavia yangali hai katika maduka yetu. Mahindi yakikobolewa na kusagwa kuwa sembe, pumba na kiini huondoka, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya vitamini za jamii ya B, madini na shahamu njema, ilhali dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, huvibakiza. Mchele mweupe nao umevuliwa vazi hilohilo. Sisemi kwamba wali mweupe uharamishwe, maana hakuna harusi wala idi isiyoujua, bali nasema kwamba mpango wa juma zima uwe na nafasi ya dona, mtama au viazi vitamu, na kwamba siku wali mweupe unapopikwa usiachwe siniani peke yake.

Mwenzi wake wa asili ni harage lilelile. Mwili hujenga misuli kwa vijenzi viitwavyo asidi za amino, na baadhi yake hauwezi kuziunda wenyewe, sharti uzipate katika chakula. Nafaka zina upungufu wa mojawapo, iitwayo laisini, ambayo maharage, kunde, choroko na mbaazi zimejaaliwa kwa wingi. Jamii ya kunde nayo ina uhaba wa methionini, ambayo nafaka huwa nayo ya kutosha. Hivyo wali na maharage, au ugali na kunde, hukamilishana kila kimoja kikilipa deni la mwenzake, na mtoto anayekua hupata protini iliyo kamili zaidi kuliko ambayo angepata kwa kimojawapo, hata kama angekila maradufu.

Tufike sasa kwenye mboga. Mchicha, matembele na kisamvu vina rangi ya manjano iliyofichwa na ukijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mlinzi wa macho na wa kinga ya mtoto. Rangi hii haiyeyuki katika maji, huyeyuka katika shahamu, na aliyekula mchicha uliochemshwa kwa maji matupu huipata kwa uchache tu. Hapa tui la nazi huonyesha kazi yake, kwa kuwa huibeba ile isiyobebwa na maji. Hata hivyo shahamu inayohitajika ni haba, yapata kijiko kimoja cha chai kwa mlaji, na shahamu ya nazi ni ya aina ile ambayo ikizidi huongeza lehemu katika damu. Kwa chajio cha kila siku tui jepesi latosha, na tui zito lingojee siku ya wageni. Kadhalika mboga ioshwe kabla ya kukatwa, na mchicha na matembele vipikwe kwa maji machache na kuepuliwa vingali na ukijani wao, kwa kuwa vitamini C huvuja majini na kufa motoni.

Nimeiacha mwisho habari ya madini ya chuma kwa sababu ndiyo inayonigusa zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Malaria, minyoo na uzazi vina sehemu yake katika balaa hilo, lakini chakula nacho kimo. Chuma cha maharage na mboga za majani kipo kwa kiasi cha kuridhisha, ila mwili hukipokea kwa shida, na yapo mambo matatu ya mezani yanayoamua ni kiasi gani kitapokewa. La kwanza ni vitamini C: ndimu iliyokamuliwa juu ya chakula kilichokwisha pakuliwa, kachumbari mbichi, au pera baada ya tonge la mwisho, hukiwezesha chuma kuingia damuni kwa wingi zaidi. La pili ni samaki, ambaye hata kwa kiasi kidogo huusaidia mwili kukipokea chuma cha maharage yaliyo kando yake. Na dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao huongeza chokaa ya mifupa. La tatu ni chai, na hapa nawasihi wasomaji wangu kwa moyo wote: tanini iliyomo ndani yake hukifunga chuma, na chai ikinywewa pamoja na chakula huweza kupunguza kwa nusu au zaidi kiasi kinachopokewa. Birika na lisubiri saa moja baada ya kunawa mikono, hususan mbele ya mama mja mzito na binti aliyebaleghe.

Chakula kikisalia, kisiachwe chunguni mpaka asubuhi. Vijidudu viitwavyo Bacillus cereus huwa na mbegu ngumu zisizouawa na mtokoto, nazo huota katika wali uliolala penye joto, vijidudu vikazaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Mwenye jokofu autandaze wali katika sahani pana upoe upesi, auhifadhi kabla ya saa mbili kupita. Asiye nalo apime kibaba kwa idadi ya walaji, apike kinacholiwa kikaisha.

Kupima huko ndiko kupanga, na mpango wa juma waweza kuandikwa siku ya soko juu ya kipande cha karatasi: siku tatu za maharage, choroko na mbaazi, siku mbili za samaki au dagaa, siku moja ya mayai, siku moja ya nyama ikiwezekana, na mboga za majani na tunda kila siku. Itakapofika zamu ya ng'onda, chumvi isitiwe chunguni, kwani Shirika la Afya Duniani lausia mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, na ng'onda amekwisha kuja na yake.

Karatasi hiyo ibandikwe ukutani pale kila mtu aionapo, baba na watoto pia. Katika nyumba zetu tumemtwika mama peke yake kazi ya kukumbuka, naye alfajiri ana mengine mia ya kukumbuka. Siku asipoloweka maharage, jioni hukimbilia magadi au sembe na mchuzi, na hasara hiyo huilipa damu ya wote. Mtoto wa miaka saba aweza kupeta kibaba cha maharage kabla ya kulala na kuuliza kwa nini maji yake humwagwa, na baba aweza kuyaloweka atokapo kuswali au aendapo kazini. Wakifanya hivyo, mama atakapowasha jiko jioni atayakuta maharage yamevimba na kulainika, na nusu ya kazi yake imekwisha kufanywa na mikono ya watu anaowapikia.